PIANO: Sikio la mwalimu ndilo linalolipiwa, si noti

Wazazi wengi wanaowatafutia wana wao mwalimu wa piano huanza kwa maswali mawili: ada ni shilingi ngapi kwa kila kipindi, na mtoto atachukua muda gani kabla ya kupiga wimbo unaotambulika. Ni maswali ya haki, hasa kwa jamaa ambayo tayari inahangaikia karo, kodi ya nyumba na nauli. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo aghalabu huja baada ya mwaka mmoja au miwili, mambo yakiwa yamekwisha kwenda mrama: je, mwalimu huyo huona nini na husikia nini mtoto anapopiga?

Swali hilo lina uzito zaidi katika enzi hii. Noti za nyimbo nyingi zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Video zinazoonyesha vibao vikiwaka rangi, kimoja baada ya kingine, zinaweza kumfundisha mtoto mwerevu wimbo mfupi kwa muda wa alasiri moja. Ikiwa kazi ya mwalimu ni kuonyesha tu kidole kiwekwe wapi, basi kazi hiyo imekwisha kuchukuliwa na simu ya mkononi.

Lakini simu haimwoni mtoto. Haijui kwamba amekunja bega la kulia, kwamba anabana pumzi anapofika sehemu ngumu, wala kwamba kosa analolirudia katika mstari wa pili lilianzia katika mstari wa kwanza. Hayo huonwa na mtu aliyeketi kando yake, ambaye amewahi kuyaona kwa wanafunzi wengine wengi. Huo ndio uzoefu, na ndio bidhaa hasa anayoinunua mzazi.

Ala yenye siri ndani

Ili kufahamu kwa nini jicho na sikio la mwalimu ni muhimu, yafaa kwanza kuielewa ala yenyewe. Piano ilibuniwa mnamo mwaka wa 1700 hivi na Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala aliyefanya kazi jijini Florence, Italia. Kabla yake, ala ya vibao iliyotamba katika makasri ya Ulaya ilikuwa hapsikodi, ambayo nyuzi zake hukwanyuliwa. Mpigaji wa hapsikodi hawezi kuifanya noti iwe kubwa au ndogo kwa uzito wa kidole chake. Cristofori aliweka nyundo ndogo zinazozigonga nyuzi, na kwa mara ya kwanza kidole kikapata uwezo wa kunong'ona na wa kunguruma.

Piano ya leo ina vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36. Kibao kikibonyezwa hushuka takriban sentimita moja tu. Katika mwendo huo mfupi, mitambo ya ndani huirusha nyundo kuelekea kwenye uzi, kisha huiachilia kabla haijaufikia. Kutoka hapo mpigaji hana tena mamlaka juu yake. Kukikandamiza kibao kwa nguvu baada ya sauti kutoka hakubadilishi chochote, ila kunauchosha mkono.

Hivyo basi, kinachoamua ukubwa wa sauti ya noti moja ni kasi ya kibao kinaposhuka. Kasi hiyo haitoki kwenye kidole pekee. Hutoka pia kwenye kifundo cha mkono, kiwiko, bega na hata namna mtu alivyoketi. Mwanafunzi aliyeinua mabega hadi masikioni hutoa sauti kavu na ngumu hata akipiga noti zote sahihi. Anayesikiliza kutoka chumba cha pili atasema tu kwamba mtoto huyo hapigi vizuri. Mwalimu mzoefu atajua kwamba kiti kiko chini mno.

Dakika kumi za kwanza

Ndiyo maana kipindi cha kwanza cha mwalimu wa aina hii huweza kumshangaza mzazi aliyetarajia kuona mtoto akifunguliwa kitabu mara moja. Mwalimu huanza kwa kukirekebisha kiti mpaka viwiko vikaribiane na kimo cha vibao. Ikiwa miguu ya mtoto inaning'inia, atatafuta kigoda au hata kreti ili ikanyage mahali imara, kwa sababu mtoto asiye na pa kukanyaga hujishikilia kwa mgongo na mabega. Atatazama kucha. Atautazama mkono ukiwa umelegea kando ya mwili, kisha ataomba uinuliwe ukiwa na umbo lilo hilo hadi kwenye vibao.

Baada ya hapo hufuata suala la mpangilio wa vidole, ambalo wengi hulipuuza. Chukua mfano wa skeli ya kwanza ambayo kila mwanafunzi hufundishwa, ile ya do hadi do kwenye vibao vyeupe. Skeli hiyo ina noti nane, ilhali mkono una vidole vitano. Mtoto akiachwa ajipigie atatumia vidole vitano vya kwanza, kisha atakwama na kuuinua mkono mzima ili aanze upya. Kwa mwendo wa polepole hakuna atakayegundua. Siku wimbo utakapohitaji kasi, pengo litasikika, na mtoto ataambiwa afanye mazoezi zaidi wakati tatizo halikuwa uchache wa mazoezi.

Suluhisho ni kidole gumba kupita chini ya kidole cha kati baada ya noti ya tatu, ili vidole vitano vingine vipatikane kwa noti tano zilizosalia. Ni jambo dogo, lakini wanamuziki wa kale hawakulizingatia sana. Mnamo 1753, Carl Philipp Emanuel Bach, mwana wa mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach, alichapisha kitabu cha mafunzo ya ala za vibao ambamo alikipa kidole gumba nafasi kuu. Kanuni zinazofundishwa Nairobi leo zina mizizi katika mafunzo ya namna hiyo.

Hapo ndipo tofauti kati ya mwalimu mchanga na mzoefu inapojitokeza. Wa kwanza husikia noti mbaya na kusema kuwa noti ni mbaya. Wa pili hurudi nyuma noti tatu au nne, akaona kidole kilichotumiwa pasipofaa, akakibadilisha, na kosa likatoweka lenyewe. Mtoto hujifunza somo kubwa zaidi ya wimbo huo: kwamba kila kosa lina chanzo, na chanzo kinaweza kutafutwa.

Hata Liszt alirudishwa nyuma

Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto mwenye kipawa hahitaji mwalimu wa kumsumbua kwa mambo madogo. Historia ya piano inasema vingine.

Mnamo 1819, baba mmoja alimpeleka mwanawe wa takriban miaka minane jijini Vienna akasikilizwe na Carl Czerny, mwalimu ambaye mwenyewe aliwahi kufundishwa na Beethoven. Mtoto huyo alikuwa Franz Liszt, aliyekuja kuwa mpigaji piano aliyesifika mno barani Ulaya katika karne ya 19. Czerny aliandika baadaye kwamba kipawa cha mtoto kilikuwa dhahiri, lakini upigaji wake ulikuwa wa vurugu na hakujua lolote kuhusu mpangilio wa vidole.

Masomo yalipoanza miaka michache baadaye, Czerny hakumpa nyimbo za kuwastaajabisha watu. Alimrudisha kwenye skeli, kwenye mapigo yaliyo sawa na kwenye kazi za mtunzi Muzio Clementi zilizohitaji nidhamu. Kijana hakupendezwa, lakini msingi uliwekwa. Czerny hakumtoza ada, na Liszt alipofikia utu uzima aliwafundisha wengi bila malipo.

Mfano wa pili ni wa Frédéric Chopin, aliyeishi Paris kuanzia 1831 na ambaye riziki yake ilitokana zaidi na kufundisha watu binafsi kuliko kupiga kwenye kumbi. Chopin hakuwaanzishia wanafunzi wake kwenye vibao vyeupe vitupu. Aliwataka waweke vidole vitatu virefu vya kati juu ya vibao vyeusi, huku kidole gumba na kile kidogo vikikaa juu ya vyeupe. Mkono wa binadamu, ukitazamwa vyema, una umbo hilohilo: vidole vya kati virefu, vya kando vifupi. Aliukubali mkono ulivyo badala ya kuulazimisha uwe kitu kingine.

Walimu hao wawili walitofautiana katika mengi. Walichofanana ni kwamba kila mmoja alimtazama mwanafunzi kwanza, ndipo akaamua afunze nini.

Siku sita bila mwalimu

Kipindi cha kawaida cha mtoto anayeanza huchukua nusu saa au dakika 45, mara moja kwa wiki. Hata mwalimu awe hodari kiasi gani, muda huo hautoshi kuujenga mkono. Mtoto akifanya mazoezi ya dakika 20 kila siku kwa siku sita, anapata dakika 120. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kujifunza hutokea mwalimu akiwa hayupo.

Mnamo 1993, mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti uliowahusu wapigaji wa fidla na piano jijini Berlin. Walitofautisha kati ya kujipigia tu na mazoezi yenye lengo, ambayo hupangwa na mwalimu ili kurekebisha udhaifu mahususi wa mwanafunzi. Utafiti huo ulikuja kufupishwa na watu kuwa hadithi ya saa 10,000, kana kwamba saa zenyewe ndizo zinazoleta ubingwa. Ericsson alipinga tafsiri hiyo. Kurudia kosa mara elfu hakuliondoi, bali hulikomaza.

Kwa sababu hiyo mwalimu mzoefu hutumia sehemu nzuri ya kipindi kufundisha namna ya kufanya mazoezi. Badala ya kumwagiza mtoto arudie wimbo mara kumi, huandika kwenye daftari maagizo mahususi: mkono wa kushoto peke yake, vipimo vinne tu, polepole kiasi cha kutokosea, mara tatu mfululizo. Kesho yake, vipimo vinne vinavyofuata. Wengine huanzia mwisho wa wimbo kurudi nyuma, ili mwanafunzi awe anaelekea mahali anapopajua badala ya kuelekea asikokujua.

Mzazi asiyejua noti hata moja ana kazi kubwa hapa. Si lazima ajue muziki. Kinachohitajika ni daftari hilo lifunguliwe kila siku, televisheni izimwe kwa dakika 20, na mtoto asikatizwe. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Saa mbili zilizorundikwa Jumamosi usiku kabla ya kipindi cha Jumapili hazilingani na dakika 20 za kila siku, kwa kuwa mkono hujifunza kwa kurejelewa na kupumzishwa kwa zamu.

Maumivu si ishara ya bidii

Jambo linaloweza kuleta hasara kubwa kuliko ada iliyopotea ni jeraha. Mikono ya mpigaji hurudia miondoko midogo maelfu ya mara. Ikiwa kifundo kimekazwa au kidole kinainuliwa kwa nguvu isiyohitajika, kano huchoka, huvimba, na huweza kuuma kwa miezi.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mtunzi Mjerumani Robert Schumann. Katika miaka ya mwanzo ya 1830 alikuwa akijifunza jijini Leipzig kwa Friedrich Wieck, mwalimu aliyemlea binti yake Clara hadi akawa mmoja wa wapigaji piano wakuu wa karne hiyo. Wieck alipokuwa safarini na Clara, Schumann alibaki akijifanyisha mazoezi, na inajulikana kuwa alikitumia kifaa cha kukifunza kidole kwa nguvu. Mkono wake wa kulia ukapata ulemavu, na ndoto yake ya kuwa mpigaji wa jukwaani ikazimika akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Wataalamu wangali wanajadili chanzo hasa cha ulemavu huo. Alizipa kazi zake za kutunga nguvu alizokuwa ametenga kwa upigaji, na ulimwengu ukafaidi, lakini mkono haukurudi.

Mwalimu mzoefu huuliza kuhusu maumivu kabla mtoto hajalalamika. Mtoto akisema mkono unauma, mazoezi husimamishwa siku hiyo na namna ya kupiga huchunguzwa. Mwalimu anayemwambia mtoto avumilie kwa kuwa ndivyo vidole vinavyopata nguvu anastahili kuepukwa hata kama ada yake ni nafuu. Maumivu yasiyokoma ni ya kupelekwa kwa daktari.

Wanaotoka kwenye kinanda cha kanisa

Humu nchini, wanafunzi wengi hawafiki kwa mwalimu wakiwa hawajui kitu. Wamekulia katika kwaya, wamejifunza do, re, mi kwa mfumo wa sol-fa ulioenezwa na wamishonari kutoka Uingereza, na wanaweza kuimba sauti ya pili au ya tatu bila kuonyeshwa. Wengine tayari ni wapigaji wa kinanda kanisani, waliojifunza kwa kusikiliza na kutazama.

Wapigaji hao huwa na sikio kali. Udhaifu wao wa kawaida hutokana na kitufe kimoja kilicho kwenye vinanda vya umeme, kile kinachopandisha au kushusha sauti yote ya ala. Mpigaji huzoea kupiga kila wimbo kwa vibao vilevile, na mwimbaji akianza juu zaidi, hubonyeza kitufe na kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Siku anapoketi mbele ya piano halisi isiyo na kitufe hicho, hujikuta kama dereva aliyezoea barabara moja tu.

Mwalimu asiye na uzoefu humwambia mwanafunzi kama huyo asahau yote na aanze kitabu cha watoto. Matokeo ni mtu mzima kufedheheka na kutoroka baada ya mwezi. Mwalimu mzoefu hujenga juu ya kilichopo. Humtaka apige wimbo wa kanisani anaoujua barabara, kisha aupige ukianzia noti nyingine, kisha aonyeshwe jinsi wimbo uo huo unavyoandikwa kwenye mistari mitano. Kwa njia hiyo noti zinakuwa picha ya kitu ambacho sikio lilikwisha kukijua.

Watu wazima wanaoanza kabisa nao wasikate tamaa. Vidole vyao huenda visiwe wepesi kama vya mtoto, lakini huelewa maelezo upesi, na wanajua kwa nini wamekuja. Kikwazo chao kikuu ni muda, na aibu ya kusikika wakikosea.

Ala ipi nyumbani?

Mwalimu mwema huuliza mapema mtoto atafanyia mazoezi wapi. Kinanda kidogo cha vibao 61 visivyo na uzito kinaweza kutumika kwa miezi michache ya kwanza, lakini hakifunzi kidole kudhibiti kasi. Kibao cha piano halisi huhitaji uzito wa takriban gramu 50 ili kishuke. Mtoto aliyezoea vibao vyepesi hushindwa kukisukuma sawasawa anapofika mbele ya mtahini.

Njia ya kati ni piano ya kidijitali yenye vibao vyote 88 vilivyowekewa uzito na pedali imara. Haihitaji kurekebishwa sauti, na huweza kusikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni, jambo ambalo majirani katika nyumba za ghorofa hulithamini. Piano halisi ina utamu wake, lakini ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu kubwa, na huhitaji fundi wa kuirekebisha angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Katika miji ya Pwani kama Mombasa na Malindi, unyevu wa hewa huvimbisha mbao na kuzitia nyuzi kutu. Anayenunua piano iliyotumika afike na fundi kwanza, kwa kuwa rangi inayong'aa nje haisemi lolote kuhusu hali ya ndani.

Mitihani: Ngazi au kitanzi?

Wazazi wengi wa Kenya huipima safari ya muziki kwa mitihani, na maarufu zaidi ni ile ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mnamo 1889. Ina ngazi ya awali kisha gredi ya 1 hadi ya 8. Katika mtihani wa kawaida wa piano mbele ya mtahini, mwanafunzi hupiga nyimbo tatu, kila mmoja ukiwa na alama 30. Skeli na zoezi la kusoma noti asizowahi kuziona huwa na alama 21 kila moja, na jaribio la usikivu alama 18. Jumla ni 150, na anayepata 100 amepita. Alama 120 humpa sifa ya pili, na 130 sifa ya juu kabisa. Anayetaka kufanya gredi ya 6 na kuendelea sharti awe amepita gredi ya 5 ya nadharia au mtihani unaokubaliwa badala yake.

Hesabu hiyo ina funzo. Alama 60 kati ya 150 hazihusiani na nyimbo tatu zilizotayarishwa. Hupima uwezo wa jumla: kusoma, kusikia na kuuzoea ubao wote. Hata hivyo, wapo walimu wanaowashikilia wanafunzi kwenye nyimbo hizo tatu kwa mwaka mzima ili cheti kipatikane. Mtoto hufika gredi ya 5 akiwa na vyeti ukutani, lakini ukimwekea wimbo mpya wa gredi ya 2 hawezi kuusoma. Akiulizwa apige chochote siku ya sherehe ya jamaa, hana kitu.

Mwalimu mzoefu huutumia mtihani kama kituo cha njiani. Kati ya gredi moja na nyingine humpa mwanafunzi nyimbo nyingi fupi, nyingine rahisi kuliko kiwango chake, ili asome kwa wingi na afurahie. Hapana ubaya mtoto kuruka gredi fulani. Ubaya ni kuruka msingi.

Fauka ya mitihani, kuna majukwaa mengine ya kumpa mtoto ujasiri. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo chimbuko lake ni mwaka wa 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kupiga ala mbele ya hadhira. Jijini Nairobi, chuo cha Kenya Conservatoire of Music kilichoanzishwa mnamo 1944 kimewafunza wengi, na vyuo vikuu kama Kenyatta hutoa shahada ya muziki. Katika mtaala wa umilisi, wanafunzi wa sekondari ya juu wana mkondo wa sanaa na michezo, hivyo piano si burudani ya pembeni tu kwa anayetaka kuifuata.

Jinsi ya kumtambua

Yeyote aliye na kinanda na nambari ya simu anaweza kujitangaza kuwa mwalimu. Cheti cha gredi ya 8 huonyesha kwamba mtu anaweza kupiga, lakini hakionyeshi kwamba anaweza kufunza. Mzazi anaweza kujilinda kwa hatua chache.

Kwanza, aombe kipindi kimoja cha majaribio, akilipie, na akae ndani ya chumba. Asimsikilize mtoto tu. Amtazame mwalimu. Je, anazungumza muda wote au anasikiliza? Je, kosa linapotokea anaonyesha chanzo, au anasema tu mtoto arudie? Je, mtoto anatoka akijua kazi ya nyumbani ni ipi?

Pili, aombe kuwasikia wanafunzi ambao wamekaa na mwalimu huyo kwa miaka mitatu au zaidi. Mwanafunzi mmoja hodari anaweza kuwa kipawa. Wanafunzi sita wa kawaida wanaoketi vizuri, wanaosoma noti bila hofu na ambao hawajaacha, hao ni ushahidi wa mwalimu.

Tatu, masharti yaandikwe: ada, siku za likizo, kipindi kinachokosekana kwa ugonjwa, na ilani ya kusitisha masomo. Ugomvi mwingi kati ya wazazi na walimu wa binafsi huzaliwa na vipindi vilivyokosekana.

Nne, na hili halina mjadala, usalama wa mtoto utangulizwe. Mwalimu anayefika nyumbani aonyeshe cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, na masomo yafanyike mahali ambapo mtu mzima wa jamaa anaweza kuona na kusikia. Mwalimu wa haki hatakasirishwa na sharti hilo. Kuugusa mkono wa mtoto ili kuusahihisha ni sehemu ya kazi hii, na ndiyo sababu mwalimu muungwana huomba idhini kwanza na hufanya hivyo hadharani.

Kuhusu masomo kwa njia ya video, yaliyoenea tangu janga la korona la 2020, yanafaa kwa mwanafunzi aliyekwisha kupata msingi, na ni msaada mkubwa kwa wanaoishi mbali na miji. Kwa mtoto anayeanza, kamera huficha mabega na miguu, na sauti inayopita kwenye mtandao hupoteza tofauti ndogondogo ambazo mwalimu alistahili kuzisikia. Penye ulazima, kamera iwekwe kando ya mwanafunzi ili mgongo, kiwiko na vidole vionekane kwa pamoja.

Mwisho wa safari

Watoto wengi wanaoacha piano hawaachi kwa sababu hawana kipawa. Huacha kwa sababu wamefika mahali ambapo mkono uliofunzwa vibaya hauwezi kuwapeleka mbele, na kila wimbo mpya umekuwa aibu mpya. Wakati huo mzazi amekwisha kulipa ada ya miaka, na kumrekebisha mtoto huyo huwa kazi ngumu kuliko kumwanzisha, kwa kuwa mkono lazima kwanza usahau. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Mwalimu mzoefu anaweza kutoza zaidi kwa kipindi. Lakini gharama halisi hupimwa kwa kile kinachobaki baada ya masomo kwisha. Ipo dalili moja ambayo mzazi yeyote anaweza kuitambua akiwa jikoni, bila kujua noti: mtoto anapiga, anasimama mwenyewe, anarudi vipimo viwili nyuma, anabadilisha kidole, kisha anaendelea bila kuambiwa na mtu. Siku hiyo sikio la mwalimu limehamia kwa mwanafunzi, na ada imefanya kazi yake.